Kipimo cha Mikono Iliyoinuliwa

Padre akiingia dukani kwetu kushonesha kanzu, baba humpima kama fundi yeyote ampimavyo mteja: shingo, mabega, kifua, kiuno, urefu kutoka mfupa wa shingo hadi kisigino, mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo. Vipimo hivyo vikiisha kuandikwa, na padre akiwa ameshaugeukia msumari alikotundika koti lake, baba humrudisha kwa maneno mawili, akiyatamka kwa sauti ile ile inayosikika kanisani: "Inueni mioyo." Wapo wanaocheka. Wapo wanaojibu bila kufikiri, "Tumeiinua kwa Bwana," jibu ambalo kwa desturi ni la waamini wala si la kwao. Lakini wacheke au wajibu, mikono huwa imekwisha kupanda yenyewe, kwa sababu mwili wa mtu aliyeadhimisha Misa kila siku kwa miaka kumi hausubiri kuambiwa mara mbili. Hapo baba hupitisha futikamba upya, kutoka kiunoni kupitia kwapani hadi kwenye kifundo, na kuandika tarakimu ambayo mafundi wengi hawajisumbui kuiandika.

Shati la mwalimu au la karani hukatwa kwa mtu aliyeshusha mikono, na kwa kazi zao hilo linatosha. Padre yeye huvaa alba, lile vazi jeupe la ndani, na kasula, vazi la juu la Misa, kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanywa mikono ikiwa juu: sala ya mwanzo, utangulizi, Sala ya Ekaristi, Baba Yetu, sala baada ya komunyo. Alba iliyokatwa kwa mtu aliyeshusha mikono hupanda sentimita 10 na zaidi pale mikono inapoinuliwa, na waamini wa mabenchi ya mbele, badala ya kuinua mioyo, hujikuta wakitazama soksi. Mikono ya nguo huteleza hadi viwikoni, saa ikaonekana, na shingo ya alba huvutwa nyuma kama vile padre amekamatwa ukosi na mtu anayemdai. Nimekaa kanisani mara nyingi nikayaona hayo, na ninakiri kwamba kwa miaka mingi nimehudhuria Misa nikiwa na jicho moja la mwamini na jicho moja la fundi.

Dawa yake ni kikwapa, yaani kile kipande cha pembe nne kinachoingizwa chini ya kwapa ili mkono upande bila kuivuta nguo nzima, pamoja na taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni vinavyoipa nguo upana kuelekea chini. Maneno hayo si ya kanisani. Ni maneno ya mafundi wa kanzu za pwani, na namna yalivyoingia katika nyumba yetu ni kisa ambacho babu hakuchoka kukisimulia. Alijifunza kushona Tosamaganga, misheni iliyo kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kupokewa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia mwaka 1919, baada ya vita kuwaondoa Wajerumani. Pale misheni bruda mmoja alimfundisha kutoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo kwa mkono, na kuilowesha pamba usiku kucha kabla ya kuikata ili isije ikarudi mgongoni mwa mteja. Kikwapa hakukipata kwa bruda. Alikipata mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu kutoka pwani aliyeshona kanzu na kofia barazani karibu na soko, ambaye siku moja alimtazama babu akihangaika na kwapa la alba ya paroko, akamwambia kwamba nguo ile inabana kwa sababu imekatwa na mtu anayedhani wenzake hawasali. Tangu siku hiyo kila alba iliyotoka mikononi mwa babu ilikuwa na kikwapa cha Mswahili ndani yake, na mapadre wa Konsolata wakazivaa bila kujua.

Duka lenyewe ni chumba kimoja na baraza yake, Miyomboni, Iringa mjini, lenye cherehani tatu, mojawapo ikiwa Singer ya miguu ya babu ambayo bado inatuokoa kila umeme unapokatika. Baba hupima na kuchora. Kaka hukata. Mama hudarizi, akiwa amekaa pembeni ya mlango kwa sababu ya mwanga, na anayepita hawezi kumsalimia kwa Kihehe "kamwene" akajibiwa kabla sindano haijamaliza mshono. Mimi hushona stola, ule utepe mrefu wa shingoni, na kola, hupokea oda kwa simu, na huwa ndiye ninayegombana na wenye maduka ya vitambaa. Hatuna kibao kikubwa, kwa sababu wateja wetu huletwa na wateja wenzao. Padre akimwona mwenzake ametulia ndani ya alba yake wakati wa Misa ya Krisma, ambapo mapadre wote wa jimbo hukusanyika kwa askofu wao, huwa tunapigiwa simu wiki hiyo hiyo. Hata jimbo jipya la Mafinga lilipomegwa kutoka Iringa mwaka 2023, wateja wetu wa Mufindi walibadili askofu bila kubadili fundi.

Watu wa nje huziita nguo zote hizi kanzu, na si kosa, ila fundi hana budi kuzitenganisha. Kanzu kwetu ni ile ya vifungo, ambayo padre huvaa akiwa nje ya altare. Alba ni ile nyeupe ya ndani, na kwa asili yake si ya mapadre peke yao. Juu ya alba hukaa stola, ambayo padre huining'iniza shingoni ikashuka mbele, ilhali shemasi huivaa kutoka bega la kushoto ikakatiza kifua hadi ubavu wa kulia. Juu ya vyote hukaa kasula, na neno hilo latokana na Kilatini casula, maana yake kijumba. Nasema kijumba, sisemi nyumba ndogo, kwa kuwa msemo huo wa pili una maana yake mitaani na baba atasoma maandishi haya. Ni jina linalofaa kabisa: kasula iliyokatwa vizuri haimbani mtu mahali popote isipokuwa mabegani, na mtu hukaa ndani yake kama mtu aliyeingia chumbani.

Hapa ndipo kazi yetu inapogawanyika. Kanzu na alba ni za mtu mmoja, naye hufa nazo. Kasula ni ya sakristia, chumba cha kanisa yanakotunzwa mavazi, na itavaliwa na paroko mfupi mnene Jumapili, paroko msaidizi mrefu Jumatatu, na padre mgeni aliyekuja likizo siku ya Alhamisi. Kwa hiyo alba tunaishona kwa vipimo kumi na viwili, na kasula tunaishona karibu bila kipimo, kwa mita 3 hadi 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150, pamoja na stola yake. Ugumu wa kasula hauko katika kumkaa mtu vizuri. Uko katika kutomkaa vibaya mtu yeyote. Mabega yakipewa mteremko mkali, mrefu ataonekana amelowa mvua. Yakiwa bapa mno, mfupi ataonekana amebebeshwa meza. Baba ana karatasi ngumu ya mteremko aliyoirithi, imechakaa na kubandikwa gundi mara kadhaa, na hajamruhusu mtu yeyote kuichora upya.

Kuhusu kanzu nitasema machache. Desturi ya zamani ni vifungo 33, kwa miaka ya Bwana wetu duniani, na sisi tunaviweka vyote kwa anayetaka, ingawa wengi siku hizi wanaomba zipu iliyofichwa chini ya vifungo vya pambo na sisi hatuwahukumu. Mtu anayetoka kumpaka mgonjwa mafuta saa nane usiku hawezi kuanza kuhesabu matundu. Rangi nyeupe ni ruhusa ya nchi za joto, na nadhani walioiandika hawakuwahi kulala Iringa mwezi wa Julai, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanzu ya askofu huzungushiwa pindo la rangi ambayo si zambarau na si nyekundu, jirani wa ile tunayoiita damu ya mzee, na kuipata dukani ni bahati. Mara nyingi tumelazimika kuiagiza Kariakoo na kurudisha mara mbili kabla ya kupata yenyewe. Na lipo vazi moja ambalo hakuna fundi wa Tanzania atakayeombwa kulishona: tangu Mbeya ifanywe Jimbo Kuu mwaka 2018, askofu mkuu wake huvaa palio, utepe wa sufi nyeupe wenye misalaba sita myeusi, ambao hutoka Roma. Mama aliutazama kwa karibu katika picha moja, akasema mshono wake ni wa kawaida.

Roma kuna duka ambalo baba hulitaja kama mtu anavyomtaja binamu tajiri. Ni duka la Gammarelli, karibu na Pantheon, linalowashonea makleri tangu mwaka 1798 na ambalo hadi leo limo mikononi mwa ukoo ule ule. Padre mmoja aliyesoma huko alimletea baba kadi yao, nayo imebanwa kwenye fremu ya kioo cha kujitazamia. Kinachomsisimua baba si umaarufu wao bali kazi moja ambayo wamejulikana nayo: makardinali walipokuwa wakijiandaa kumchagua Papa, duka hilo lilishona kanzu nyeupe tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kwa kuwa hakuna ajuaye atakayechaguliwa. Yaani kanzu inayotazamwa kuliko zote duniani ilishonwa bila kumpima mvaaji. Husimuliwa kwamba mwaka 1958, alipochaguliwa Papa Yohane XXIII, ambaye alikuwa na mwili mkubwa, hata kanzu kubwa haikumtosha, ikabidi ipasuliwe nyuma na kubanwa kwa pini ndipo atoke kuwabariki watu. Baba huliona jambo hilo kama ushahidi mbele ya mahakama.

Ushahidi wake wa pili aliuona kwa macho yake kwenye televisheni ya jirani. Tarehe 19 Aprili 2005, Papa Benedikto XVI alipotokea kwenye roshani ya Mtakatifu Petro na kuinua mikono kuusalimia umati, mikono ya sweta nyeusi ilichungulia chini ya mavazi yake meupe, ulimwengu mzima ukaiona. Wengine waliona unyenyekevu wa mzee aliyekuwa anasikia baridi. Baba, kwa heshima zote, aliona kipimo cha mikono iliyoinuliwa. Tangu hapo, akimpima padre wa Mufindi au wa Njombe, ambako asubuhi ya Juni nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, humuuliza kwanza kama husali Misa ya asubuhi akiwa na sweta, na akijibiwa ndiyo, humwambia arudi kesho akiwa ameivaa.

Msimu wetu mkubwa ni wa upadrisho, ambao kwa sehemu hizi huangukia zaidi katikati ya mwaka. Familia ya shemasi huja dukani wote: mama mzazi, shangazi, mjomba aliyechanga fedha, na katekista wa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kila mmoja ana maoni kuhusu darizi. Ninajifunza kunyamaza, kwa sababu ninajua jambo ambalo wao hawalifikirii, kwamba kabla kijana hajavikwa hiyo kasula wanayoigombania, atalala kifudifudi sakafuni mbele ya altare muda wote wa Litania ya Watakatifu, na litania hiyo haina haraka. Alba ya pamba tupu, hata ikipigwa pasi kwa saa nzima, itainuka pale ikiwa imekunjamana kifuani kama karatasi iliyotupwa. Kwa hiyo alba ya upadrisho tunaishona kwa pamba iliyochanganywa na polista, nzito kidogo, na kaka huijaribu kwa kuivaa na kulala sakafuni dukani, jambo ambalo limewahi kumshtua mteja mmoja aliyeingia kutaka kupunguziwa suruali.

Kisha askofu humwekea mikono na kusali sala ya kumweka wakfu, na hapo hapo, mbele ya watu elfu, padre mwingine huigeuza stola yake kutoka mtindo wa shemasi hadi mtindo wa padre na kumvika kasula kwa mara ya kwanza. Hakuna kioo, hakuna jaribio la pili. Shingo ikiwa nyembamba itakwama kichwani, na mwimbishaji wa kwaya hana wimbo wa kujaza dakika hiyo. Ndiyo maana kipenyo cha shingo ya kasula ya upadrisho tunakipima kwa kichwa, wala si kwa shingo, na kama kijana huvaa miwani tunampima akiwa nayo. Baada ya kuvikwa, askofu humpaka Krisma viganjani, na kijana huyo hubaki ameinua viganja akiogopa kuigusa nguo mpya iliyomgharimu mjomba wake ng'ombe mmoja. Mafuta hayo yakigusa pindo la mkono huwa hayatoki kwa sabuni peke yake. Yanyunyizie poda, iache ikae hadi asubuhi, kisha ikung'ute ndipo ufue. Wengine hawataki yatoke. Ninawaelewa.

Sasa nieleze aibu yangu, kwa kuwa baba ameniambia nikiandika habari za duka bila kuitaja nitakuwa nimeandika tangazo. Mwaka una Jumapili mbili ambazo rangi ya waridi yaweza kuvaliwa badala ya zambarau, ya 3 ya Majilio na ya 4 ya Kwaresima, mahali ambapo ipo desturi hiyo. Parokia nyingi huiacha, kwa sababu si rahisi kulieleza baraza la walei kwa nini mnunue kasula ya kuvaliwa siku mbili kwa mwaka, na pia kwa sababu wapo mapadre wanaosema waziwazi kwamba wao hawavai pinki. Parokia moja iliagiza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa mkasi, na kaka alikuwa safarini. Kitambaa kilikuwa satini, ghali, na nikagundua kwamba nikikigeuza kipande cha nyuma kichwa chini miguu juu nitaokoa nusu mita nzima. Nikakigeuza. Chini ya taa ya dukani vipande vyote viwili vilikuwa waridi ile ile, nami nikajisifu kwa nusu mita yangu.

Satini ina upande. Nyuzi zake hulala kuelekea mwelekeo mmoja, na mwanga ukizipiga kutoka juu huonyesha rangi moja, ukizipiga kutoka chini huonyesha nyingine. Asubuhi ya Jumapili ya 4 ya Kwaresima jua la Iringa liliingia kwa madirisha ya mashariki, padre akaingia kwa maandamano akiwa waridi safi, akafika altareni, akainama kuibusu, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukatazamishwa mgongo wenye rangi ya kitunguu maji. Kila alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama Padre amebadilisha nguo. Baba alikuwa benchi la tatu. Hakusema neno njiani, hakusema wakati wa chakula, na jioni alipofungua mdomo alisema neno moja tu: "Upande." Tulinunua kitambaa kipya kwa fedha zetu. Nilipokwenda kumwomba radhi, "Tumsifu Yesu Kristo" yangu ikiwa haisikiki vizuri, padre yule aliitikia "Milele, amina," kisha akaniambia nisilie, kwa kuwa waridi hairudi tena hadi Desemba, na miezi tisa humtosha hata mtu kupata mtoto.

Kuna ubishi mmoja kati yangu na baba ambao haujaisha. Siku hizi madukani na kwenye simu zimejaa kasula za viwandani, zinazong'aa, zenye kalisi, zabibu na miali ya jua iliyodariziwa kwa mashine kuanzia kifuani hadi magotini. Baba hazipendi, na kwa hoja hiyo ana watu wakubwa upande wake: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka katika sanaa na mavazi matakatifu uzuri wenye hadhi kuliko fahari tupu, na Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, kifungu cha 344, yasema uzuri wa vazi utafutwe katika kitambaa na mkato wake, wala si katika wingi wa mapambo. Mama huwa anaongeza kwamba darizi nene ya mashine hukakamaa, kasula ikaacha kulegea na kuanza kusimama yenyewe kama ubao wa matangazo. Mpaka hapo niko pamoja nao.

Ninapoachana na baba ni kwenye polista. Yeye angependa kila kasula iwe ya pamba nzito au sufi nyepesi, na Maelekezo hayo hayo, kifungu cha 343, yanaruhusu vitambaa vya asili vya mahali husika na hata vya viwandani, mradi vifae heshima ya ibada. Paroko mwenye vigango tisa milimani, anayebeba vazi lake ndani ya mfuko wa mgongoni juu ya pikipiki, akapitia vumbi la Septemba na matope ya Machi, na kufika mahali pasipo na pasi ya umeme wala ya mkaa, hana haja ya sufi yetu. Kwa ajili yake nimeanza kushona kasula ya safari: polista laini isiyokunjamana, bila bitana, pande mbili, kijani upande mmoja na nyeupe upande wa pili, na inajikunja hadi kutoshea chini ya kitabu cha Misale. Baba anaiita mwamvuli. Mwaka jana tulishona nyingi kuliko kasula nyingine zote, na ni yeye aliyezipima.

Jambo la mabaki hatubishani. Kitambaa kabla hakijabarikiwa ni kitambaa tu, na utotoni mimi na kaka tulikuwa na wanasesere waliovaa zambarau ya kiaskofu na kijani cha Kipindi cha Kawaida. Lakini vazi likishabarikiwa, Kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa yakataza kulitumia kwa mambo yasiyolifaa, kwa hiyo kasula iliyochakaa inayoletwa kwetu itolewe msalaba wake wa darizi na kuhamishiwa kwenye mpya haigeuki kuwa kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani. Vipande vyake huingia katika debe lenye mfuniko chini ya meza ya mama, na debe likijaa, baba huyachoma nyuma ya nyumba, mahali pasipokanyagwa, na kuyafukia majivu. Hufanya hivyo jioni, akiwa amevua kofia, na hapendi tumsaidie.

Vipimo vyote viko katika madaftari, ya kwanza yakiwa na mwandiko wa babu. Kila padre ana ukurasa, na kila akirudi kupimwa, mstari mpya huandikwa chini ya ule wa zamani pamoja na mwaka. Ukizifunua kurasa hizo utamwona kijana wa kiuno cha sentimita 76 akifika 104 baada ya kupewa uparoko, kisha akarudi 90 sukari ilipogunduliwa. Safu ya mwisho, upande wa kulia, baba huiandika kwa kifupi: m.j., yaani mikono juu. Ukurasa mmoja niliujua kwa moyo, wa padre mzee aliyekuwa ameanza na babu. Mistari yake ni saba. Ile safu ya mwisho ilikaa palepale kwa miaka mingi, kisha katika mistari miwili ya mwisho ikashuka, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limegoma, na alipoambiwa "Inueni mioyo" mkono huo uliishia usawa wa kifua. Baba aliuandika kama ulivyokuwa, akamshonea alba yenye mkono wa kulia uliokatwa tofauti na wa kushoto, na kanisani hakuna aliyeona tofauti.

Simu ilikuja siku ya Jumanne mwezi Agosti. Mapadre huzikwa wakiwa wamevaa kama waliokwenda kuadhimisha Misa, na alba zake zote zilikuwa zimechakaa. Waliuliza kama tunavyo vipimo. Kaka alitandika kitambaa mezani, mama akaanza kutafuta uzi mweupe, nami nikalifungua daftari na kusoma kwa sauti: shingo, mabega, kifua, urefu. Nilipofika safu ya mwisho nikanyamaza. Kaka akasema kwa upole kwamba kikwapa tunaweza kukiacha, muda ni mfupi, na mikono yake itakuwa imefungamanishwa kifuani. Baba alivaa miwani yake, akanyoosha mkono kuomba daftari, akapanda kwa kidole mstari mmoja baada ya mwingine hadi ule wa juu kabisa, wenye mwandiko wa babu, kisha akachukua chaki na kukichora kikwapa kwa kipimo hicho.